Timu ya Nusu Uwanja

Timu ya wanawake ya chuo kile ilikuwa na sifa moja iliyoonewa wivu na vyuo vyote, na kasoro moja iliyowafurahisha wote. Sifa yenyewe ni kwamba hapakuwa na mtu aliyeweza kuwanyang'anya mpira. Walipasiana kwa ufupi, kwa haraka na kwa adabu, kama watu wanaopitishiana chumvi mezani, huku wapinzani wakikimbia katikati yao wakitweta. Kasoro ni kwamba mpira huo, baada ya kuzungushwa kwa ustadi wote huo, ulifika kwenye mstari wa kati wa uwanja ukarudi ulikotoka. Haukuvuka. Na mara chache ulipovuka, aliyekuwa nao alitazama huku na huku kama mtu aliyeingia chumbani kwa mkwewe bila kupiga hodi, kisha akautoa nje mwenyewe na kuomba radhi.

Msimu uliopita hawakufungwa mabao mengi, lakini wao hawakufunga hata moja. Mashabiki wa vyuo vingine wakawabandika jina, Timu ya Nusu Uwanja, na jina likaganda.

Kocha wao, mwanamke wa makamo aliyefundisha elimu ya viungo na ambaye hakuwahi kuonekana bila filimbi shingoni, aliamini kwamba anakijua chanzo cha ugonjwa. Chanzo kilikuwa ratiba. Wanawake walipewa uwanja saa tisa alasiri, jua likiwa bado lina hasira zake. Wanaume walipewa kuanzia saa kumi mpaka giza. Ila wanaume walikuwa na desturi ya kufika mapema ili kunyoosha viungo, na kazi hiyo iliwahitaji nusu nzima ya uwanja. Ungedhani wana viungo vingi kuliko binadamu wengine. Siku moja mpira wa wanawake ulivuka mstari ukampiga puani mshambuliaji wa wanaume, aliyekuwa amelala chali akivuta paja lake huku amefumba macho. Pua ikavimba. Kamati ya Michezo ikakutana kwa dharura, jambo ambalo haikuwahi kulifanya hata choo cha wachezaji kilipobomoka, na ikaamuru kwamba wakati wa mazoezi mpira wa wanawake usivuke mstari wa kati.

Tangu siku hiyo wanawake walicheza kwa upana, kutoka chokaa ya kushoto hadi chokaa ya kulia, na mawe mawili kila upande yakawa magoli. Mpira ulipoukaribia ule mstari, Kocha alipuliza filimbi, wasichana wakasimama, mpira ukarudishwa. Wachezaji waliingia mwaka wa kwanza, wakahitimu, wakaja wengine, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kufanya mazoezi kwenye uwanja mzima.

Sasa Makamu Mkuu wa Chuo alikuwa ametangaza kwamba timu ya wanawake isipofuzu kuingia mashindano ya vyuo msimu huu, itasitishwa kwa muda. Chuoni pale kila mtu alijua maana ya kwa muda. Ujenzi wa maktaba mpya nao ulikuwa umesitishwa kwa muda, na popo wa ghorofa ya pili walikuwa wameshapata wajukuu.

Kocha wa timu ya wanaume alikuwa mdogo wake Kocha, wa tumbo moja. Wachezaji walimwita Jenerali kwa sababu ya miwani yake myeusi na jinsi alivyotembea mikono nyuma, akiwakagua watu waliosimama tu wakinywa maji. Jumapili hiyo walikutana nyumbani kwa mama yao kwa chakula cha mchana, kama walivyofanya kila Jumapili, na Jenerali hakungoja hata sahani ziwekwe.

“Dada, umesikia? Tunalinganishwa.”

“Tunalinganishwa na nani?”

“Mimi na wewe. Timu yako na yangu. Kamati itakuja kutazama mazoezi yako, halafu yangu, kisha iseme nani anastahili nini. Mwenyekiti ni yule Profesa wa Udongo.”

“Yule anajua nini kuhusu mpira?”

“Anajua unachezwa juu ya udongo.”

Mama yao, mkunga mstaafu aliyekuwa amezalisha nusu ya watu wa mtaa ule na hakumwogopa yeyote kati yao, aliweka bakuli mezani. “Na wewe wakikuuliza utasemaje? Dada yako apewe uwanja mzima?”

Jenerali alitafuna kwa muda mrefu kitu ambacho hakikuhitaji kutafunwa. “Mama, mimi nina mechi.”

“Na yeye ana nini, harusi?”

“Wanaume wanahitaji nafasi, mama. Ni maumbile.”

“Maumbile yako nayajua, mwanangu. Dada yako alikaa humu tumboni miezi yote sikumsikia, nikadhani nimeshiba tu. Wewe ulinipiga mateke mpaka nikawa naomba radhi kwa wageni. Tangu siku hiyo unataka nafasi yote. Kula.”

Jenerali akala. Dada yake alicheka mpaka akapaliwa, lakini usiku ule usingizi haukuja upesi. Ulinganisho huo ulikuwa nafasi yake ya pekee. Kamati ikiona kwa macho yake kwamba timu haiwezi kukua ndani ya nusu ya uwanja, itampa uwanja mzima kabla ya mechi ya kufuzu. Isipoona, wasichana wake wataungana na popo wa maktaba.

Kesho yake aliwakusanya kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ambacho kwa kweli kilikuwa stoo ya mafagio yenye msumari mmoja wa kutundikia jezi. Nahodha wake, mwanafunzi wa sheria aliyeitwa Hakimu kwa sababu hakuweza kuomba maji bila kutoa hoja, ndiye aliyeleta mpango.

“Wenzangu, tufikirie. Tukicheza vizuri kwenye nusu, watasema nusu inatosha. Kwa hiyo siku hiyo tucheze ovyo. Wakione kidonda.”

“Tujifanye hatujui?” aliuliza Kiberiti, winga wa kulia, msichana mdogo wa umbo aliyewaka kabla hujamgusa.

“Tujifanye tumekosa nafasi. Ni ushahidi wa mazingira.”

“Mimi nitadaka kama niliyepaka mafuta mikononi,” alisema Kufuli, kipa wao, mwenye mikono mirefu kiasi kwamba alifunga dirisha la stoo bila kuinuka alipokaa.

Kocha aliukubali mpango, ingawa roho ilimuuma kidogo. Wakafanya mazoezi ya kucheza vibaya, na wakagundua kuwa ni kazi ngumu kuliko walivyodhani. Kufuli aliachia mpira kwa mkono mmoja na kuudaka kwa mwingine bila kukusudia. Hakimu alitoa pasi mbovu, ikamfikia mtu. Kiberiti alijikwaa kwa makusudi, akaanguka vizuri mno, akapigiwa makofi.

Siku ya ulinganisho ilipofika, Profesa wa Udongo alikuja na mwavuli, viatu vya shambani na mhadhiri wa falsafa, mjumbe mwenzake wa Kamati, ambaye alikaa kwenye benchi la akiba na kulala kabla mpira haujaguswa. Profesa hakukaa. Aliinama, akachota udongo kwa vidole viwili, akaunusa, akatikisa kichwa kwa ridhaa, kisha akasema wanaweza kuanza.

Walianza vibaya kama walivyokubaliana. Mpira ulitoka nje, ukatoka tena nje. Kufuli aliutazama ukipita kati ya mawe kama mtu anayetazama gari asilokusudia kulipanda. Kocha aliuma mdomo kwa matumaini. Mambo yangeendelea hivyo hivyo mpaka mwisho, kama si wanaume waliokuwa upande wa pili wa mstari, wamelala wakivuta mapaja yao. Yule mshambuliaji wa pua, aliyekuwa bado anarudia mwaka wa mwisho, aliinua kichwa.

“Dada zetu! Mpira ni kile kitu cha duara!”

Wenzake wakapasuka mbavu. Mmoja akaongeza, “Waacheni, labda leo wamekuja kupalilia!”

Kocha aliiona shingo ya Kiberiti ikikakamaa.

“Kumbuka mpango,” Hakimu alimnong'oneza kwa nguvu akipita.

“Mpango ukalale,” alisema Kiberiti.

Kilichofuata hakikuwa ushahidi wa jambo lolote isipokuwa kiburi. Kiberiti aliwapiga chenga wenzake watatu, akamrudia wa kwanza akampiga tena kwa sababu tu alikuwa karibu. Wenzake nao hawakukubali kuaibishwa peke yao. Pasi zikaanza kusuka uwanja kama mkeka. Hata Hakimu, mwenye mpango, alimpitishia mwenzake mpira katikati ya miguu, akatazama upande wa wanaume na kutabasamu meno yote nje. Kufuli alidaka kila kitu, hata kisichoelekea kwake. Wanaume wakaacha kuvuta mapaja. Kila mpira ulipoukaribia mstari filimbi ya Kocha ililia, mpira ukageuka, na mchezo ukaanza upya, mzuri zaidi.

Kocha alijua wanajiharibia. Aliwatazama hata hivyo, kwa fahari na hofu.

Zamu ya wanaume ilipofika, Jenerali aliwapanga kwenye uwanja mzima, naye akatembea kando mikono nyuma. Wanaume walikuwa na mbinu moja: kupiga mpira mbali kisha kuukimbilia. Mara nyingi ulifika mbali kuliko walivyokimbia. Uliangukia kwenye vichaka nyuma ya bweni, juu ya paa la jiko, na mara moja ndani ya dirisha la ofisi ya msajili, ambako ulikaa muda mrefu ukijadiliwa. Ukijumlisha yote, walitumia muda mwingi zaidi kuutafuta mpira kuliko kuucheza.

Siku chache baadaye, ndugu wale wawili waliitwa ofisini kwa Profesa. Chumba kilijaa vyungu vya udongo wa rangi zote, na kiti pekee kisichokuwa na chungu kilikuwa cha Profesa mwenyewe. Wakasimama.

“Nimewalinganisha kwa njia niijuayo,” alisema kwa upole, “maana mtu apime kwa kipimo anachokielewa. Nimewachukulia kama mashamba mawili. Shamba la wanaume ni kubwa, lina maji na muda wa kutosha. Shamba la wanawake ni nusu yake. Nikatazama mavuno. Pasi zilizofika ndizo mavuno. Kwa kila mita ya mraba, wanawake wamewashinda wanaume vibaya sana. Vibaya sana, ndugu yangu.”

Jenerali alivua miwani. Kocha alihisi moyo wake ukipaa. “Kwa hiyo, Profesa?”

“Kwa hiyo ni dhahiri kwamba nusu inatosha. Tena nusu ni bora. Eneo kubwa ndilo linalowadhoofisha wanaume. Kuanzia Jumatatu nao watapewa nusu, mtafanya mazoezi saa tisa wote, kila mmoja shambani kwake, na saa kumi uwanja utafungwa ili nyasi zipumzike. Nawashukuru sana kwa ushirikiano.”

Walitoka. Ukumbini Jenerali alisimama.

“Umefurahi sasa?”

“Nifurahie nini? Nilitaka kizima, nimepewa kilekile nilichokuwa nacho, na cheti cha kuthibitisha kwamba kinanitosha.”

“Ungecheza vibaya kidogo ungekufa?”

“Tulijaribu! Wako ndio waliowachokoza wangu. Muulize yule wa pua.”

Jumatatu wakakuta kamba imefungwa kwenye vigingi katikati ya uwanja, na vibao viwili vidogo, kimoja herufi A na kingine herufi B, kama kwenye vitalu vya majaribio ya mbegu. Wanaume waliteseka. Walipiga mpira wao mbali kwa mazoea, ukaangukia kwa wanawake au barabarani, wakasimama kwenye kamba wakiwa wameshika viuno. Wanawake hawakuteseka, na hilo ndilo lililomnyima Kocha raha. Waliizoea ile kamba siku hiyohiyo. Mechi ya kufuzu ilikuwa inakaribia, na mpira wao uliendelea kugeuka ulipofika palepale ulipogeuka siku zote.

Mwisho wa wiki Jenerali alimfuata dada yake kwenye kamba. Alikuwa amekonda kidogo, au miwani ilikuwa imekua.

“Dada, vijana wangu wanaharibika. Winga anapiga hatua mbili tatu anaikuta kamba, anasimama kama mbuzi mvuani.”

“Karibu kwetu, mdogo wangu. Sisi tuko hapa miaka.”

Jenerali akainama. Ilionekana kwamba sentensi hiyo imemfikia mahali fulani. “Sasa tufanyeje?”

“Wewe una nusu, mimi nina nusu, na saa yetu ni ileile. Tucheze sisi kwa sisi. Uwanja wote.”

“Wanaume na wanawake?”

“Ulitaka nikuletee malaika?”

“Dada, fikiria. Tukiwafunga, watasema tumewaonea. Mkitufunga nyinyi…”

“Watasemaje?”

“Hawatasema kitu. Tutahama chuo, wote, pamoja na mimi.”

“Basi mama ataniachia chumba chako,” alisema Kocha. “Twende kwa Profesa.”

Walimkuta anamwagilia vyungu vyake. Kocha alikuwa amefikiria njiani namna ya kulisema jambo hilo, na akaamua kulisema kwa lugha ya mwenyeji.

“Profesa, tumekuja kwa ushauri wa kitaalamu. Vile vitalu vyako viwili. Wakulima wengine hawapandi mazao mawili pamoja, shamba moja?”

Profesa aliweka kopo la maji chini. Uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyeitwa kwa jina lake. “Kilimo mseto! Mahindi na maharage! Lakini bila shaka! Zao moja linampa jirani kivuli, jirani analirutubishia udongo. Kwa nini sikuliona? Ondoeni kamba. Nitakuja kutazama.”

Nje, Jenerali aliuliza kwa wasiwasi, “Hapo, nani mahindi?”

“Wewe. Mrefu, na kichwani nywele tu.”

Kamba ikaondolewa. Mchana wa mchezo, habari ilikuwa imeenea, na wanafunzi walijaa kando ya uwanja, wengine wakiwa wamebeba vitabu ili wasionekane kuwa wamekuja kwa ajili hiyo. Profesa alisimama karibu na Kocha na mwavuli wake. Jenerali aliwaambia vijana wake wacheze kwa heshima. Yule wa pua akauliza heshima ya nani, akaambiwa anyamaze.

Wanawake walipata mpira na, kama kawaida, wanaume hawakuuona tena. Ulipita kwa Kufuli, kwa mabeki, kwa Hakimu, ukafika katikati. Kiberiti alikuwa peke yake upande wa kulia. Mbele yake palikuwa na nyasi tupu mpaka golini, eneo kubwa ambalo hakuwahi kulikanyaga akiwa na mpira mguuni siku ya mazoezi.

“Vuka!” alipiga kelele Kocha. “Vuka, mwanangu, vuka!”

Kiberiti alikimbia. Alipofika mstarini, filimbi ililia, akasimama. Wenzake wote wakasimama. Wanaume, wasiojua desturi hiyo, walikimbia hatua kadhaa bila sababu, kisha nao wakasimama.

“Nani amepuliza?” aliuliza Kocha kwa hasira.

Wote walimtazama yeye. Hapo ndipo alipohisi chuma baridi kati ya meno yake, na mashavu yake ambayo bado yalikuwa yamevimba.

Aliitoa filimbi mdomoni. “Bahati mbaya. Endeleeni.”

Wakaendelea. Mpira ukarudi kwa Kufuli, ukapanda tena, ukamfikia Kiberiti, na filimbi ikalia tena. Safari hii watazamaji walicheka. Hakimu alikuja polepole kutoka katikati ya uwanja, akafuta jasho kwa mkono wa jezi, akasimama mbele ya kocha wake kama anayesimama mahakamani.

“Kocha, naomba kuwasilisha jambo.”

“Sema.”

“Siku zote tumesema tatizo ni ratiba.”

“Ndiyo.”

“Kwa heshima zote, na ninakupenda kama shangazi yangu, tatizo si ratiba peke yake. Tukiwa kwenye mechi, tukifika pale katikati, huwa tunaisikia. Hata kama hujapuliza, tunaisikia.”

Kocha alikuwa msomi, na wasomi wanapoonyeshwa kosa huanza kwa kulitafutia mwenye kosa mwingine. Alimpitia Makamu Mkuu, akampitia Profesa, akaipitia ile pua. Wote walistahili. Lakini Kamati iliagiza mara moja tu, miaka ile, kisha ikalala. Aliyewakumbusha wasichana amri hiyo kila siku, kwa pumzi yake mwenyewe, bila kukosa hata alasiri moja, alikuwa yeye. Aliifanya kazi hiyo kwa bidii, na kwa nia njema, na wasichana wake walijifunza vizuri kila alichowafundisha.

Aliivua filimbi shingoni. Alimpa mdogo wake.

“Sitaki kitu chenye mate yako,” alisema Jenerali, lakini kwa sauti ndogo, kisha akaipokea. Alifikiri kidogo, akampa Profesa, ambaye kwa mazoea ya kazi aliitumbukiza kwenye mfuko wa sampuli na kuufunga vizuri.

“Nenda ucheze,” Kocha alimwambia Hakimu.

Mpira ulimfikia Kiberiti kwa mara ya tatu. Alifika mstarini, akapunguza mwendo, akageuka kumtazama Kocha. Kocha alikuwa ameweka viganja viwili juu ya mdomo wake. Kiberiti akapeleka mguu ng'ambo, kwanza mmoja, kama mtu anayepima maji. Halafu wa pili. Hakuna kilicholia. Basi akakimbia. Alikimbia kwa kasi ambayo hakuna aliyekuwa ameiona, kwa kuwa hakuwahi kuwa na mahali pa kuiweka. Akampita beki wa kwanza, wa pili, akampita kipa wa wanaume aliyekuwa ametoka kumsalimu, akalipita goli lenyewe kwa kando, akatoka nje ya uwanja na mpira wake mguuni, akaenda mpaka ukuta wa bweni ndipo akasimama.

“Rudi!” alipiga kelele Kufuli kutoka upande wa pili wa dunia. “Goli umeliacha huku!”

Walicheka wote, wanaume na wanawake, na Kocha alicheka mpaka akakaa chini. Profesa alimwinamia kumwambia kwamba mseto umefaulu. Hakubishana naye. Siku zilizobaki waliyachanganya mashamba yao kila alasiri. Wanaume walijifunza kupasiana wakiwa karibu, wakilalamika. Wanawake walivuka, wakapotea, wakavuka tena, na kidogo kidogo wakaanza kujua goli la upande ule liko wapi.

Mechi ya kufuzu ilichezwa nyumbani. Mashabiki wa wageni walikuja na wimbo wao kuhusu nusu uwanja, tena walikuwa wameutungia ubeti mpya. Mama yake Kocha alikaa mstari wa mbele karibu na Jenerali, akimwuliza kila mara kwa nini yule mtu wa nguo nyeusi anakimbia na hapewi mpira. Kocha alikalia mikono yake.

Kwa muda mrefu haikuwa mechi nzuri. Wanawake walivuka, lakini walivuka kwa wasiwasi, na wageni walikuwa wamejazana kulinda nusu yao. Sare isingewafaa wenyeji; sare ilikuwa popo. Muda ukayoyoma. Jenerali alikuwa ameshavua miwani na kuvaa, kuvua na kuvaa, mpaka mama yake akampokonya.

Ndipo Hakimu akapata mpira katikati, palepale, juu ya chokaa yenyewe. Zamani angegeuka. Alipiga mbele bila kutazama. Kiberiti alikuwa ameshaondoka. Beki alimfikia, wakagongana, mpira ukapaa, ukampiga beki gotini, ukamgonga Kiberiti makalioni alipokuwa akianguka, ukajivuta polepole kuelekea golini kama mtu anayechelewa kwa makusudi, ukagusa mlingoti, ukaingia.

Lilikuwa bao baya kuliko yote yaliyowahi kufungwa katika uwanja ule. Jenerali alimkumbatia mtu asiyemfahamu. Mama yake alisimama akasema kwamba katika ukunga wake amewahi kuona watoto wakija kwa njia za ajabu kuliko hiyo. Na wasichana wote, pamoja na Kufuli aliyekimbia kutoka mwisho mwingine wa uwanja, walimwangukia Kiberiti mbele ya goli la wageni, wakawa lundo la miguu na vilio.

Muda uliobaki ulitosha kuugusa mpira mara mbili tatu, na mechi ingekwisha hivyo hivyo, moja kwa bila. Lakini ilibidi kwanza ianzishwe upya, na ili ianzishwe ilibidi kila timu iwe upande wake. Refa aliwaamuru warudi. Hawakumsikia. Wengine walikuwa wamekaa kwenye nyasi za upande ule, wakizipapasa. Wengine walitembea tu, wakitazama uwanja kutoka huko, kama watu wanaoonyeshwa nyumba yao kwa mara ya kwanza. Refa akaja mbio mpaka kwenye benchi.

“Kocha, waite wachezaji wako. Warudi upande wao.”

Kocha alikuwa analia bila kujificha.

“Wape dakika, mwanangu,” alisema. “Ndio kwanza wamefika.”